Utoro huanzia ndani ya darasa

Afisa ustawi wa jamii anapoandaa taarifa ya mtoto aliyefikishwa Mahakama ya Watoto, hutazamiwa aeleze zaidi habari za nyumbani: nani anamlea, anakula nini, analala wapi. Hayo ni ya lazima, lakini mimi huanza na shule, tena na swali moja: aliacha lini kunyoosha mkono darasani?

Mara nyingi jibu huangukia kidato cha kwanza. Katika shule zetu za serikali hapa Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari anakuta jiografia na baiolojia zinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyezoea kujibu ananyamaza. Akinyamaza anahesabiwa mzito au mkaidi. Na akichapwa kwa kutojibu, mbele ya wenzake wanaocheka, anaona afadhali asiwepo kabisa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena viandikwe kitabuni, lakini watoto ninaozungumza nao huelezea mambo tofauti sana na hayo.

Mwanasosholojia wa Marekani, Travis Hirschi, alieleza mwaka 1969 kwamba kijana hujizuia na uhalifu kwa sababu ya vifungo vinavyomuunganisha na jamii, na shule ni mojawapo. Kifungo hicho kikilegea, kijiwe humpokea bila kumuuliza alama zake, na hapo hukutana na wakubwa waliokwisha kuanza wizi mdogo mdogo. Sisemi kwamba kila anayefeli huiba, kwani walio wengi hawaibi. Wala sisahau kwamba wapo wanaofika shuleni tayari wamejeruhiwa na njaa na vipigo vya nyumbani. Hao ndio wanaohitaji zaidi mwalimu mmoja anayewajua kwa majina.

Kinachonisikitisha zaidi ni kumsimamisha masomo mtoro, kwa sababu adhabu hiyo inampa muda zaidi wa kukaa kule kule tunakotaka atoke. Baadaye, akitiwa hatiani, mahakama yaweza kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, inayopokea watoto waliovunja sheria, arudishwe darasani akiwa chini ya amri. Naomba wakuu wa shule wamtume mwalimu wa malezi nyumbani mapema, daftari la mahudhurio linapoonyesha siku tatu tupu, na azungumze na mtoto mwenyewe kabla ya mzazi.