Jiwe lipate dawa kabla ya grauti

Mteja akinipigia kuniambia, "Fundi, njoo upige sila bafuni," yaani nipake dawa ya kuzuia madoa kuzama, huwa namuuliza kwanza ametandika nini. Vigae vya poseleni karibu havinywi maji kabisa, ni chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Ukivipaka dawa inakaa juu, inanata, inakusanya uchafu wa nyayo. Hapo dawa ipe grauti, ule ujazo wa kwenye mifereji kati ya kigae na kigae; kigae chenyewe kiache.

Jiwe la asili ni habari nyingine. Dondosha maji mahali pakavu, ngoja kama dakika 10. Pakikolea rangi, jiwe linakunywa. Lile la Mazeras wanalolipenda sana Mombasa kwenye kuta na vibaraza ni jiwe la mchanga, linakunywa haswa. Granaiti nyeusi iliyong'arishwa mara nyingi haishtuki.

Jiwe linalokunywa lipakwe dawa kabla ya grauti, na saiti nyingi nakuta kinyume chake. Grauti ni simenti na rangi. Ya kijivu iliyokolea ikiingia kwenye vinyweleo vya marumaru nyeupe, kila jiwe linabaki na fremu, na hiyo haitoki kwa kusugua. Chagua dawa inayozama, siyo vanishi. Inayobaki juu baada ya dakika chache ifute kwa kitambaa kikavu, na usiimwage kwenye mifereji, maana grauti itakosa pa kushika.

Mfereji usiofika milimita 3 unataka grauti isiyo na mchanga; mpana zaidi, yenye mchanga. Ila kwenye jiwe lililong'arishwa kuwa mwangalifu, mchanga unakwaruza. Maji yapime kama pakiti inavyosema. Mafundi tunapenda kuongeza "kidogo tu" ili iteleze, na hapo ndipo kazi inapoharibika: maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, rangi inatoka madoadoa, na ukipitisha ukucha unaokota unga. Sukuma grauti kwa kibao cha mpira ukienda mshazari, na sponji ya kufutia ikamue mpaka isidondoshe. Pembe za ukuta na sakafu weka silikoni, kwa sababu zinacheza na grauti itapasuka tu.

Ule utando mweupe wa grauti unaobaki juu usiutoe kwa asidi kama chini ni marumaru. Jiwe hilo ni la chokaa. Asidi inalichemsha povu na mng'aro unaondoka. Ndimu na siki za jikoni hufanya hivyohivyo, hata kama jiwe limepakwa dawa, kwa kuwa dawa inazuia doa kuzama, haizuii asidi kula uso.

Na kama bafu la ghorofani linadondosha maji sebuleni, pesa ya sila kaa nayo. Mwite fundi bomba apime kwanza. Mabomba yakiwa salama, vigae vibanduliwe, zege lipakwe kizuia maji, ndipo vitandikwe upya.