Mteremko si mapumziko

Wakimbiaji wengi wanaokwenda Chianti, Italia, huogopa kupanda tu. Njia ya kutoka mji wa Greve, bondeni, hadi kijiji cha Panzano hupanda zaidi ya mita 200, na watu hujiambia: nikifika juu kazi imekwisha, kushuka ni kupumzika. Sivyo hata kidogo.

Ukipanda, mapafu ndiyo yanayolia. Ukishuka, pumzi hutulia kweli, na hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu misuli ya mbele ya mapaja imeshika kazi ya breki. Kila mguu unapotua, misuli hiyo hukaza huku ikivutwa kurefuka, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji palepale. Hukolea baada ya siku moja au mbili, ukajikuta unashuka ngazi za hoteli kinyumenyume, mkono ukutani.

Zile barabara nyeupe za changarawe katikati ya mizabibu na mizeituni nazo huteleza. Fupisha hatua, piga miguu harakaharaka, usiegemee nyuma. Na wiki chache kabla ya safari tafuta mteremko ulio karibu nawe: hata zoezi moja la kushuka hupunguza maumivu ya mara inayofuata.