Je, Wajua Kwa Nini Picha ya Mlangoni Huenda Mbali Kabla ya Kufika Sebuleni?

Mgeni anapobonyeza kengele ya mlangoni yenye kamera, na mwenye nyumba akaiona sura yake kwenye simu akiwa ameketi sebuleni, ni rahisi kudhani kwamba picha hiyo imepenya ukuta tu na kuingia ndani. Kwa kengele nyingi zinazouzwa leo, sivyo. Picha hutoka kwenye kamera, hupita kwenye ruta, husafiri kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni iliyotengeneza kifaa, ambazo huenda ziko nchi nyingine kabisa, kisha hurudi hadi kwenye simu iliyo hatua chache kutoka mlangoni. Mara nyingi nakala yake hubaki huko ilikopitia.

Chanzo chake ni namna mitandao ya nyumbani ilivyoundwa. Kwa kawaida vifaa vyote vya nyumba hujificha nyuma ya anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha nyumba kwenye intaneti, na ruta hukataa mawasiliano yanayoanzishwa kutoka nje, kwa hiyo simu ya mtu aliye kazini haiwezi kuifikia kamera ya nyumbani kwake moja kwa moja. Watengenezaji walilitatua tatizo hilo kwa kuifanya kamera yenyewe ianzishe mawasiliano kwenda kwenye seva yao, nayo simu iende kwenye seva hiyohiyo, zikutane hapo. Njia hiyo humfaa sana mnunuzi asiyetaka kugusa mipangilio yoyote. Hata hivyo, video zikishakuwa mikononi mwa kampuni, kampuni huweza kumtoza mteja ada ya kila mwezi ili aone rekodi za mlango wake mwenyewe, na usalama wa rekodi hizo hutegemea uadilifu na umakini wa watu asiowajua.

Hatari hiyo imekwisha kuonekana. Mnamo Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kengele na kamera inayomilikiwa na Amazon, ikidai kwamba wafanyakazi na makandarasi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mnamo Februari 2024, baada ya hitilafu ya mitambo, takriban wateja 13,000 wa Wyze, kampuni nyingine ya kamera, walionyeshwa picha kutoka kamera zisizo zao. Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha Eufy, kwa sababu kamera zake zilinadiwa kuwa huhifadhi video nyumbani tu. Mwishoni mwa 2022 mtafiti wa usalama alionyesha kwamba picha za arifa zilikuwa zikipelekwa kwenye seva za nje, na baadaye ikabainika kwamba video ya moja kwa moja iliyopita kwenye tovuti ya kampuni haikuwa imesimbwa (kufichwa kwa msimbo ili wengine wasiione) kama ilivyodaiwa.

Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwenye boksi hayatoshi kuwa kigezo. Kigezo ninachokiamini ni kimoja: kamera inayolinda faragha ni ile inayoendelea kurekodi na kuonyesha picha hata intaneti ya nyumba ikikatwa kabisa. Kamera ya namna hiyo inaweza kunyimwa intaneti moja kwa moja, na kamera iliyonyimwa intaneti haiwezi kuvujisha kitu kwa mtengenezaji, hata kama programu yake ina kasoro.

Ili iweze kufanya kazi hivyo, ni lazima kamera izungumze lugha ambayo vifaa vya kampuni nyingine vinaielewa. Lugha hiyo ni itifaki iitwayo RTSP, iliyochapishwa kama kanuni ya intaneti mwaka 1998, ambayo hutoa mtiririko wa video ndani ya mtandao wa nyumbani. Pamoja nayo upo mwafaka wa ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, unaowezesha kinasa video kuitambua kamera na kuipa maagizo bila kujali imetoka kiwanda gani. Anayetaka kuhakikisha afanye jaribio hili siku ya kwanza: afungue programu ya VLC kwenye kompyuta iliyo katika mtandao uleule, achague kufungua mtiririko wa mtandao, kisha aandike anwani inayoanza na rtsp, ikifuatiwa na jina la mtumiaji, nywila, anwani ya IP ya kamera na mlango wa mtandao (port) namba 554. Sehemu ya mwisho ya anwani hiyo hutofautiana kwa kila kamera, na mtengenezaji mwaminifu huieleza kwenye mwongozo wake. Halafu achomoe waya wa intaneti kwenye ruta. Picha ikiendelea kutembea, kamera hiyo inafaa. Ikiganda, au ikiwa kifaa hakiwezi kutumika kabla ya kufungua akaunti kwa mtengenezaji, ni heri kukirudisha dukani mapema.

Kengele za mlangoni ndizo ngumu zaidi kuchagua. Nyingi hutumia betri, na ili betri idumu, kifaa hulala muda wote na kuamka tu kitambuzi kinapohisi mtu au kitufe kinapobonyezwa. Kifaa kinacholala hakiwezi kutoa mtiririko usiokatika, ndiyo maana kengele nyingi za betri hazina RTSP hata pale kampuni hiyohiyo inapoiweka kwenye kamera zake za waya. Anayejali faragha atafute kengele inayopata umeme kwa waya, na bora zaidi ile ya PoE, ambayo waya mmoja wa mtandao huipa umeme na kubeba picha pia, hadi umbali wa mita 100. Waya huo nao una tahadhari yake, kwani mtu akiing'oa kengele ukutani na kuchomeka kompyuta yake mahali pake, atakuwa ameingia katika mtandao wa nyumba. Kwa sababu hiyo kamera zote hutengewa mtandao wao mdogo, ambao swichi na ruta zenye uwezo wa VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja katika sehemu zisizoonana, huutenganisha na kompyuta na simu za familia.

Picha zikishapatikana, zinahitaji mahali pa kuhifadhiwa na programu ya kuzichambua. Kamera moja inayotoa megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 hutosha kiasi cha siku 23 za kurekodi bila kukoma. Kwa upande wa programu, ZoneMinder ni huria na imekuwapo kwa miaka mingi, lakini iliyobadilisha mambo zaidi ni Frigate, nayo huria, ambayo huunganishwa vizuri na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Frigate huchukua mitiririko miwili ya kamera moja: ule mdogo, wenye picha hafifu, huuchunguza wakati wote, na ule mkubwa huuhifadhi. Mahali picha inapobadilika, programu hukata sehemu hiyo tu na kuuliza kielelezo cha akili unde kilichomo ndani ya kompyuta hiyohiyo kama kilichopita ni mtu, gari au paka. Kazi ambayo kampuni nyingi huiuza kama huduma ya mwezi hufanyika nyumbani, katika kompyuta ndogo, bila picha hata moja kutoka nje. Asiyetaka kusimamia seva anaweza kununua kinasa video cha kawaida chenye ONVIF na kukinyima intaneti. Atakosa uchambuzi mzuri kama huo, lakini faragha ataipata.

Kamera iliyofungiwa ndani hupoteza jambo moja ambalo wengi hawalitambui hadi wanapohitaji ushahidi, nalo ni saa. Kamera hurekebisha saa yake kwa kuuliza seva za muda zilizo kwenye intaneti. Zikizuiwa, saa huanza kupotoka, na rekodi ya tukio hubeba muda usio sahihi. Tiba yake ni kuifanya ruta au seva ya nyumbani itoe muda, kisha kamera zote zielekezwe huko.

Kutazama ukiwa safarini kunawezekana pia, mradi tu mlango wa mtandao (port) wa kamera usifunguliwe wazi kwenye ruta. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka idadi kubwa ya kamera na ruta zilizofikika kutoka nje na zilizokuwa bado na nywila za kiwandani, na mnamo Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP, hata tovuti kubwa zikatoweka kwa saa kadhaa. Njia salama ni VPN, kwa mfano WireGuard, inayoifanya simu ionekane kana kwamba ipo nyumbani. Arifa, hata hivyo, hupita kwenye seva za Apple au Google ili kuifikia simu, kwa hiyo ni vyema ziwe na maandishi mafupi tu, na picha ifunguliwe kupitia VPN.

Kuhifadhi mwenyewe kuna gharama zake, na si haki kuzificha. Mwizi akiondoka na kinasa, ameondoka na ushahidi. Kwa hiyo kifichwe, na nakala iliyosimbwa ya matukio muhimu itumwe mahali pengine. Masasisho ya programu nayo humwangukia mwenye nyumba.

Faragha ya wapita njia nayo ina uzito uleule. Mnamo Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayonasa eneo la umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli binafsi tu ya mwenye nyumba, bali inaguswa na sheria ya ulinzi wa data. Mwaka 2021, huko Oxford, Uingereza, jaji aliyesikiliza kesi ya jirani aliyelalamikia kengele na kamera za mwenzake aliona kwamba sauti zilizonaswa zilikuwa tatizo kubwa hata kuliko picha, kwa kuwa maikrofoni ilifikia mazungumzo ya watu walio mbali na mlango. Kamera nyingi za ONVIF huruhusu kuziba kwa rangi sehemu ya picha inayoangukia dirisha au ua wa jirani, na Frigate huruhusu kurekodi picha bila sauti. Mipangilio hiyo miwili iwekwe siku ileile kamera inapofungwa ukutani.