Yoga tiba kwa anayeanza akiwa na maumivu: maswali na majibu

Watu wengi wanaouliza kuhusu yoga huanza kwa kujitoa: "Mimi siwezi, mwili umekaza." Wameona picha za watu waliojikunja kama kamba, wakadhani hapo ndipo pa kuanzia. Majibu haya ni kwa ajili yao, hasa wenye mgongo, goti au bega linalosumbua.

Yoga tiba ni nini hasa?

Katika darasa la kawaida mwalimu hutangulia na kundi zima humfuata. Yoga tiba huanza na mtu mmoja: anaumwa nini, anatumia dawa gani, mkono wake unafika wapi, analala vipi. Mazoezi huchaguliwa baada ya hapo. Kiti, ukuta, mto, mkanda na blanketi lililokunjwa hutumika sana ili mkao umfuate mtu. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyefariki mwaka 2014, alichangia sana kueneza matumizi ya vifaa hivyo. Kwa hiyo ukipewa kiti usione haya; kiti si alama ya kushindwa.

Je, inaponya?

Inategemea unaulizia nini. Maumivu ya kiuno ya muda mrefu ndiyo yaliyochunguzwa zaidi, na mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani (ACP) kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya kukimbilia dawa. Inaweza pia kupunguza msongo wa mawazo na kuimarisha uwezo wa kusimama bila kuyumba. Lakini haiondoi kisukari, haiondoi saratani, wala hairudishi gegedu la goti lililosagika. Tafadhali usiache dawa kwa sababu ya yoga. Presha ikianza kushuka, mwenye kupunguza vidonge ni daktari wako.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Chukua kiti imara kisicho na magurudumu. Kaa bila kuegemea, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Zisipofika, ziwekee blanketi lililokunjwa. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 3, kisha itoe ukihesabu hadi 4 au 5. Usiizuie katikati. Kutoa pumzi taratibu huamsha neva zinazoutuliza mwili, na mapigo ya moyo hupungua kidogo. Fanya hivyo kwa dakika mbili tu.

Sasa ongeza mikono: ukivuta pumzi inyanyue mbele yako, ukitoa ishushe. Tuseme bega lako la kulia limeganda. Mkono wa kushoto utapanda hadi juu ya kichwa, wa kulia utakwama usawa wa kifua. Uache hapo hapo. Mtu huinua bega hadi sikioni na kupindisha mgongo ili mikono ilingane, na hapo zoezi linakuwa limekwisha kuharibika. Rudia mara 5 au 6.

Malizia kwa kulala chali sakafuni, miguu kuanzia magotini kushuka ikiwa imelazwa juu ya kiti. Kiuno hulegea chenyewe. Wakati wa kuinuka, geukia ubavu kwanza, tulia kidogo, halafu jisukume kwa mikono. Kama kushuka sakafuni ni shida, lala kitandani na uweke mito chini ya magoti.

Nitajuaje kwamba nimezidisha?

Sikiliza pumzi. Ikianza kukatika, au ukijikuta umeibana bila kujua, umekwisha kupita kiasi. Rudi nyuma nusu ya ulipofika. Kuvutika kwa msuli, kunakolegea ukitulia, hakuna neno. Maumivu ya kuchoma kama kisu, ya ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni kama umeme, ni ya kuacha papo hapo. Na maumivu yakiongezeka kesho yake na kuendelea, punguza zoezi hilo au liondoe kabisa. Ile kauli ya "vumilia, ndiyo dawa inaingia" imeumiza watu wengi, na mwalimu anayekukandamiza mgongo ili ufike chini mwambie aache.

Nina ugonjwa sugu. Niepuke nini?

Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa asizuie pumzi wala kuweka kichwa chini kuliko moyo. Mwenye presha ya macho (glakoma) akae mbali kabisa na mikao ya kichwa chini, kwa kuwa huongeza mgandamizo ndani ya jicho. Aliyeambiwa mifupa yake imepungua uimara asijikunje mbele kwa kupinda mgongo, wala asijisokote kwa nguvu, maana pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika hata bila kuanguka. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu. Kama nyayo zake zimekufa ganzi, afanye akiwa amekaa au ameshika ukuta. Viungo vikiwa vimevimba na vina joto kwa sababu ya baridi yabisi, siku hiyo fanya pumzi tu.

Na mjamzito?

Anaweza, kwa idhini ya mkunga au daktari. Aepuke vyumba vyenye joto kali, kulalia tumbo, na kulala chali kwa muda mrefu mimba inapokuwa kubwa.

Mara ngapi kwa wiki?

Dakika 10 au 15 karibu kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi inayokuacha kitandani Jumapili.

Ni lini niache yoga na kwenda hospitali?

Kifua kikibana, ukizimia, au mkono au mguu ukilegea ghafla. Na hili wenye mgongo wengi hawajaambiwa: ukipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo na choo vikianza kukushinda, neva za chini ya uti wa mgongo huenda zimebanwa. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.