Ukifumania na kuua, sheria haikuachii

Vijiweni utasikia mtu akiapa kwamba mwanamume akimfumania mkewe na mgoni kitandani, akiua papo hapo, mahakama itamwachia. Si kweli, na sijui kama imewahi kuwa kweli popote Tanzania.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema hivi: aliyeua kwa hasira ya ghafla iliyotokana na uchokozi, kabla hasira haijapoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Hatia bado ipo. Kinachobadilika ni jina la kosa na uzito wake. Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na jaji hana hiari. Kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha maisha ndicho kilele, naye jaji anaweza kushuka chini ya hapo.

Penye utata ni hapo kwenye "kupoa". Aliyefumania, akatoka, akaenda kwa jirani kuazima panga, kisha akarudi, atapata taabu kueleza kwamba alikuwa bado amepagawa. Mahakama huangalia pia kama mtu wa kawaida wa jamii yake angeshindwa kujizuia, na kama kipigo kililingana na uchokozi. Wivu wa wiki nzima hauhesabiki.

Mengine, kama kukiri kosa mapema, kutokuwa na rekodi ya makosa au miaka aliyokaa mahabusu, husikilizwa baada ya kutiwa hatiani, wakati wa kupanga adhabu.