Arosto ya fegi: maswali ya kaunta ya famasi, Moshi

Nyuma ya kaunta ya famasi kila mtu huitwa dokta, nimeshazoea. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanaotaka kuachana na tumbaku, wengi wao vijana wa bodaboda na wazee wao.

Dokta, nimeacha mara tatu nikarudi. Ndiyo kusema sina msimamo?

Msimamo unao, ndiyo maana umejaribu mara tatu. Kinachokurudisha ni nikotini. Pafu moja tu, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 imeshafika kwenye ubongo. Ukiikatiza ghafla, ubongo unadai: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, akili kutotulia. Hiyo ndiyo arosto. Wiki ya kwanza huwa kali. Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 2 na ya 4.

Sasa mbona dawa ya kuacha sigara, hizo plasta na jojo, nayo ina nikotini?

Nikotini inakufunga, ila kinachoua ni moshi: lami, kaboni monoksidi na kemikali nyingine kwa maelfu. Dawa inakupa nikotini kidogo kidogo bila moshi, halafu unapunguziwa. Si dawa za mitaani hizi. Plasta na jojo za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009.

Nichukue plasta au jojo?

Ukiweza, zote mbili. Plasta inashikilia siku nzima, jojo inazima kiu ya ghafla, ile ya kijiweni mwenzako anapowasha. Plasta bandika asubuhi, begani au kifuani, pakavu pasipo na nywele, na kesho uhamishe mahali. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14, kisha 7.

Jojo ndiyo inayowashinda watu. Wanaitafuna kama ya dukani, wanameza mate, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanaitukana dawa. Itafune taratibu mpaka iwashe kama pilipili, halafu iegeshe kati ya shavu na fizi. Ikipoa, tafuna tena. Nusu saa hivi. Robo saa kabla yake usinywe kahawa wala soda, kwa sababu uchachu unazuia nikotini kupenya mdomoni. Anayewasha fegi ya kwanza kabla ya nusu saa tangu aamke anahitaji ya miligramu 4. Wengine 2 inatosha.

Babu yetu havuti, ananusa na kuweka ugoro mdomoni tu. Naye yumo?

Yumo, shikamoo yake. Magadi yanayotiwa kwenye ugoro yanafanya kinyume cha soda: yanaipenyeza nikotini haraka. Na tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani ya kinywa. Mleteni tuzungumze naye kwa heshima, bila kumnyang'anya kibweta chake.

Tangu niache, kahawa ileile inanitetemesha. Kwa nini?

Swali la Mchagga hilo! Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Punguza vikombe nusu, na usingizi utarudi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia theofilini ya pumu au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili amweleze daktari kabla ya kuacha, dozi huenda ikabadilishwa.

Lazima niende hospitali?

Mjamzito, mwenye umri chini ya miaka 18 au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni aanze kwa daktari. Wengine, mkienda Mawenzi, KCMC au zahanati ya mtaani kwa presha au kifua, semeni wenyewe kwamba mnataka kuacha. Dawa ikiambatana na mtu wa kukuuliza kila wiki unaendeleaje, inafanya kazi vizuri zaidi. Mke, shemeji, mwenyekiti wa kijiwe, yeyote asiyeona haya kukusumbua.

Na nikiteleza msibani nikavuta moja?

Usivue plasta. Mwambie yule mtu wako ilikuwaje, nani alikupa, ulikuwa umekunywa mbege kiasi gani. Kesho asubuhi bandika nyingine kama kawaida.