Mnaifunga poda kwa kosa la mkorogo

Mwezi uliopita, Jumamosi saa moja asubuhi, bibi harusi amekaa kwenye kiti changu hapa Sinza, mama yake yuko kwenye sofa na kikombe cha chai. Hata sponji sijalowanisha, mama ananiambia, "Mwanangu, usimpake sana. Hivi vipodozi vyenu vinaharibu ngozi." Nikaitika, "Sawa mama," nikawasha taa ya kioo.

Mashavu mekundu yanawaka. Pembeni mwa pua ngozi imechunika, na vimishipa vyembamba kama nyuzi vinaonekana bila kutafutwa. Nikamshika mkono nimvue pete: vifundo vya vidole vyeusi tii, kama ametoka kusugua masizi ya sufuria.

"Dada, unapaka nini?"

"Losheni tu."

Losheni yenyewe ilikuwa kwenye pochi. Kopo lililowahi kuwa la siagi, halina lebo, ndani kitu cheupe kizito kilichotiwa manukato mengi kupita kiasi. Kapaka miezi mitatu, asubuhi na usiku, ili siku ya harusi ang'ae. Nani kamnunulia? Mama. Huyo huyo wa kwenye sofa.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja napamba maharusi, na maneno ya yule mama, na mengine ya aina yake, nimeyasikia kwa mashangazi, kwa mawifi, kwa mabwana harusi wanaosubiri nje kwenye gari. Leo nayajibu mara moja, ili siku nyingine nikiulizwa nitume tu haya.

"Vipodozi vinaharibu ngozi"

Shida inaanzia kwenye neno. Kipodozi kwetu ni wanja, ni poda, ni rangi ya mdomo, ni losheni, na mkorogo, ile krimu ya kujichubua inayochanganywa mitaani kama ya kopo lile, nao ni kipodozi. Wote wamepakiwa daladala moja. Mamlaka ikitangaza imekamata na kuteketeza shehena ya vipodozi vyenye viambato vya sumu (zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa; tangu 2019 kazi hiyo iko TBS, Shirika la Viwango), anayesikiliza redio jikoni anajua zimechomwa lipstiki. Anamgeukia binti yake mwenye poda kidogo usoni: "Umesikia? Nilikwambia!" Kisha anaingia chumbani kujipaka kopo lake.

Viambato vinavyopigiwa kelele siku zote ni haidrokwinoni, zebaki na steroidi. Havitafutwi kwenye wanja wala poda, vinatafutwa kwenye krimu za kung'arisha. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yetu. Mwanzoni unang'aa kweli, mashoga wanakusifia. Ukiendelea mwaka, miaka, kwa baadhi ya watu ngozi inageuka: mabaka ya bluu iliyokolea kuelekea weusi yanatokea mashavuni na kwenye paji. Sasa mtu akiona weusi anafanya nini? Anaongeza dozi ya kile kile kilichouleta. Zebaki haiishii kwenye ngozi, inapenya mwilini na kushambulia figo.

Steroidi ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu ni dawa halali. Ile tyubu ndogo ya duka la dawa ni ya mgonjwa wa pumu ya ngozi: apake kidogo, siku chache, kwa maelekezo ya daktari. Wachanganyaji wanakamua tyubu kadhaa kwenye chupa ya losheni, wanakoroga, wanakuuzia. Ukiipaka mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Mishipa inajitokeza, michirizi inachora mapaja, chunusi zinafumuka, kidonda kinachelewa kufunga. Vifundo vya vidole ngozi yake ni nene, haikubali kirahisi, ndiyo maana mitaani wanasema uso Fanta, vidole Koka.

Mtego wake uko kwenye kuacha. Ukikatisha ghafla, ngozi iliyozoea inalipuka: inawasha, inavimba, inatoa upele. Siku kumi baada ya harusi ile, mama akanipigia. Hakusalimia. "Mekapu yako imemuunguza mtoto!" Nikamuuliza lile kopo liko wapi. Kumbe binti hakwenda nalo fungate, aliona aibu mume asilione. Kwa hiyo uso ulioungua wiki nzima baada ya mekapu kuoshwa, kesi kapewa mekapu. Nikamwambia ampeleke kwa daktari wa ngozi, na aende na kopo, asilifiche. Wewe pia kama unalo, usilitupe leo ukakaa kimya. Nenda nalo ukaonyeshe, upangiwe namna ya kuacha.

Poda inakaa juu ya ngozi, jioni inaoshwa, imekwisha. Sisemi haina makosa. Ukilala nayo utaamka na chunusi. Maskara iliyofunguliwa tangu Idi iliyopita itakupa macho mekundu. Ikifika miezi mitatu, minne, tupa. Kwenye bidhaa nyingi kuna kichoro cha kopo lililo wazi, kimeandikwa 6M au 12M: ni miezi unayoruhusiwa kuitumia tangu siku ulipoifungua. Kwa joto letu la Februari, na mkoba unaoshinda kwenye gari juani, mimi napunguza hata hapo. Rangi ya mdomo ya kuzungushana kwenye kichen pati inaweza kukupa vidonda vya mdomo. Makosa hayo yote, hata ukiyajumlisha, hayalifikii lile kopo la siagi.

Na ugomvi huu ni mzee kuliko mimi. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza Januari 1969. Krimu za kung'arisha ngozi zikawekwa orodha moja ya marufuku na vimini, mawigi na suruali za kubana. Yaani tangu hapo krimu inayochubua ngozi imehesabiwa kosa la maadili, kama urefu wa sketi. Nadhani tumebaki pale pale. Binti akipaka rangi nyekundu mdomoni tunajadili tabia yake, na anayejichubua naye tunajadili tabia yake. Hakuna anayeuliza kopo lina nini.

"Anayejipamba anatafuta wanaume"

Haya. Na bibi zetu wa pwani waliosuguliwa singo, wakapakwa liwa, wakachorwa hina hadi kwenye goti, wakafukizwa udi, walikuwa wanatafuta nini? Kupamba kulifundishwa ndani, na somo, yule mwalimu wa mwali, kwa heshima zake. Usipopenda mekapu, usipake. Nimewahi kumpamba bibi harusi aliyetaka wanja na mafuta ya mgando peke yake, akatoka amependeza, nikamtoza bei ya wanja.

"Cha asili hakidhuru"

Chukua piko, ile inayoitwa hina nyeusi. Hina halisi rangi yake ni ya machungwa kuelekea udhurungi, na inataka saa kadhaa ikolee. Ukichorwa kitu kikawa cheusi tii ndani ya nusu saa, hiyo ni dawa ya kutia nywele rangi, na kemikali yake inaitwa PPD. Kuna wanaotoka malengelenge yanayofuata ua lile lile lilivyochorwa, jani kwa jani, na kovu linabaki. Nyingine: wanja wa unga wa jiwe. Baadhi yake una madini ya risasi, halafu tunampaka kichanga cha siku saba kumkinga na kijicho. Mtoto anajifikicha, kisha anatia vidole mdomoni. Jicho la watu siwezi kulipima. Risasi inapimika, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

"Faundesheni iwe nyeupe kidogo ndiyo unang'aa"

Hapana. Unakuwa kama umemwagikiwa unga wa sembe, na mwanga wa kamera unazidisha. Wala usijaribishe rangi mgongoni mwa mkono, mkono haufanani na uso. Paka mstari kwenye taya, toka nje ya duka, simama juani pale pale Kariakoo mizigo ikikupita, jiangalie kwenye kioo. Mstari unaopotea ndio wako. Muuza duka akikuharakisha, nenda duka la pili.

"Rangi ya kucha na hina ni yale yale kwenye udhu"

Hukumu muulize shehe wako. Mimi naweza kukueleza vitu vyenyewe: hina inaingia kwenye kucha na kuacha rangi tu, maji yanafika. Rangi ya kucha inaganda juu kama plastiki. Mteja akiniambia anaswali, namwandalia hina, au namfutia kucha kabla ya adhuhuri.

Halafu nashangaa: watu wanaoogopa poda hawajawahi hata siku moja kuniuliza kuhusu brashi, na brashi chafu ndiyo inayohamisha wadudu kutoka uso wa huyu kwenda kwa yule. Mimi naziosha kwa sabuni ya maji kila Alhamisi na kuzilaza juu ya taulo, hadi Jumamosi zimekauka. Ukifika saluni yoyote, shika brashi, inuse.